Kisukari Kwenye Mizani ya Molekuli: Kweli au Uongo?

Hakuna mnada usio na daktari wake. Ukishuka kutoka vilima vya Nyanungu, Tarime, siku ya gulio, kabla hujawafikia ng'ombe umeshapita turubai lenye chupa za mizizi, spika inayokoroma kwa betri ya gari, na mtu anayeapa kwamba kisukari ni ugonjwa wa wiki mbili tu. Hatua chache mbele muuza mitumba anampinga: dawa ni asali. Dereva wa bodaboda anawacheka wote wawili, maana kwake huo ni ugonjwa wa wenye magari. Na nyumbani bibi naye ana lake kuhusu sisimizi. Msomaji, umeyasikia yote haya, na mawili matatu huenda umeshawahi kuyasema mwenyewe.

Leo tunayapeleka kwenye mizani. Mizani yenyewe inaitwa spektrometa ya masi. Usiichanganye na kile kimashine cha kutoboa kidole. Huu ni mtambo unaojaza meza nzima, wenye pampu zinazonguruma usiku na mchana, na kazi yake ni kupima uzito wa molekuli. Tone la damu au mkojo husafishwa, molekuli zake hupewa chaji ya umeme, kisha hurushwa ndani ya chumba kisicho na hewa ambako nguvu za umeme au sumaku huzitenganisha. Aliyewahi kumwona mama akipeta ulezi ameshaelewa nusu ya kazi: chepesi huenda mbali, kizito huanguka karibu, na kila uzito una mahali pake.

Ukoo wa mtambo huu ulianzia Cambridge, ambako J. J. Thomson, mnamo 1912 na 1913, aligundua kwamba gesi ya neoni ina atomu za uzito tofauti. Kupima protini nzima bila kuivunjavunja kulichelewa sana. Waliofungua njia hiyo, John Fenn wa Marekani na Koichi Tanaka wa Japani, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002. Leo mizani inaitambua glukosi kwa uzito wake wa 180 na insulini ya binadamu kwa 5,808, tukihesabu atomu ya haidrojeni kuwa 1.

Zahanati ya kijiji haina mtambo huu na haiuhitaji. Hapa Tanzania mitambo ya aina hii hufanya kazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ikisaka sumu na dawa za kulevya. Lakini mkono wake ni mrefu. Ukifuatilia kipimo cha sukari cha hospitali kilipopata usahihi wake, ngazi kwa ngazi, juu kabisa utaikuta spektrometa ya masi.

"Sisimizi wakijaa kwenye mkojo, mwenye mkojo ana kisukari."

Kweli. Bibi anashinda raundi ya kwanza.

Waganga wa kale wa India walikuwa wameshaliona jambo hili karne nyingi kabla ya maabara. Mwaka 1776 daktari wa Liverpool, Matthew Dobson, aliuchemsha mkojo wa mgonjwa hadi maji yakaisha, akabaki na unga mweupe mtamu kama sukari. Sisimizi alikuwa amefikia jibu hilohilo bila jiko. Anayekwenda haja ndogo mara nne usiku nyuma ya zizi, asubuhi akakuta pamejaa wadudu, asisubiri ushauri mwingine. Aende akapimwe.

Ila sisimizi huchelewa. Figo hazimwagi sukari kwenye mkojo mpaka ile ya damu ifike takriban 10 kwa vipimo vya hospitali zetu, yaani milimoli kwa lita. Kisukari chenyewe hutambuliwa mapema zaidi: sukari ya 7 au zaidi asubuhi kabla ya kula, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili. Kati ya 7 na 10 mtu anaweza kuwa mgonjwa kabisa na sisimizi wakampita. Tena wapo wajawazito wanaomwaga sukari kidogo kwenye mkojo ilhali damu yao haina tatizo. Kwa hiyo ushahidi wa bibi unatosha kukupeleka zahanati, lakini kutokuwepo kwa sisimizi si cheti cha afya.

"Huo ni ugonjwa wa matajiri na wanene."

Uongo, ingawa ulikuwa na sababu zake.

Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa Dar es Salaam. Walipima maelfu ya watu katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia: asilimia 0.87. Aliyesema enzi hizo kwamba kisukari hakipo kijijini alikuwa amekosea kidogo tu. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Umri na mbinu za kupima hazikufanana, kwa hiyo usichukue kalamu ukagawanya namba moja kwa nyingine. Hata hivyo hakuna mtaalamu anayedai kwamba tofauti yote hiyo ni ya mbinu tu.

Kuhusu unene, habari iko karibu na kwetu. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Mwanza, George PrayGod na wenzake, walichunguza watu wazima wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wakatangaza mwaka 2021 kwamba sehemu kubwa ya tatizo pale ni kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha, kuliko mwili kuigomea insulini iliyopo. Kuigomea ndiko kunakofungamana zaidi na kitambi. Kongosho dhaifu linaweza kuwa la mtu mwembamba, hata la aliyelala njaa utotoni. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuutambua ugonjwa unaotokana na lishe duni kuwa aina ya tano ya kisukari. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaupa nafasi mwaka 1985, kisha likaufuta mwaka 1999. Wagonjwa hawakufutika.

Hapa mizani ya molekuli ina kazi ambayo vipimo vya kawaida huifanya kwa shida. Insulini hutoka kwenye molekuli ndefu zaidi yenye uzito wa takriban 9,400, ambayo kongosho huikata kabla ya kuitoa. Kongosho lililochoka hutoa nyingi zikiwa hazijakatwa. Baadhi ya vipimo vya kingamwili huzihesabu hizo kuwa ni insulini kamili, na mgonjwa akaonekana ana akiba asiyonayo. Mizani haichanganyi 9,400 na 5,808.

Kwa hiyo jirani yako mwembamba anayekunywa maji debe zima na nguo zinamvuka, usimwambie hawezi kuwa na kisukari kwa sababu hana gari.

"Kinaletwa na kula sukari."

Uongo, ukisemwa hivyo kavu. Kongosho, kurithi, mafuta yanayokaa tumboni, maisha ya kuketi: yote yana mchango. Kijiko cha sukari kwenye chai ya rangi hakimgeuzi mtu kuwa mgonjwa. Soda kila siku ni shauri jingine, kwani tafiti nyingi zimezihusisha na kisukari cha ukubwani. Na yule anayekwepa sukari kisha akamaliza mlima wa ugali mweupe peke yake ajue kuwa wanga ule unageuka glukosi ileile ya 180.

"Asali halisi haimdhuru mgonjwa, na asali halisi hujulikana kwa kiberiti."

Uongo mara mbili, na huu nitakaa nao kidogo, kwa sababu ndio unaosemwa kwa sauti ya upole kuliko yote.

Kwanza madhara. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, nyingi yake fruktosi na glukosi, nayo glukosi ya nyuki haina tofauti na ya kiwandani. Mizani inazipa zote 180. Kijiko cha mezani cha asali kinabeba karibu gramu 17 za sukari. Mgonjwa aliyejipimia vijiko vitatu kila asubuhi kama dawa amekunywa gramu 50 hivi kabla ya uji. Iko siku moja asali inakuwa rafiki wa kweli: sukari inaposhuka mno, mgonjwa anatetemeka na kutokwa jasho jembamba, lakini bado ana fahamu na anaweza kumeza. Hapo asali, soda au maji ya sukari vyote vinafaa, na upesi.

Sasa kiberiti. Umeona wanavyofanya: njiti inachovywa kwenye asali, inapanguswa, inawashwa. Ikiwaka, makofi. Kinachopimwa pale ni maji tu. Shira ya sukari iliyochemshwa mpaka ikakaza nayo itawaka, na asali safi iliyovunwa kabla nyuki hawajaifunika inaweza kukataa. Hata lile tone lisilosambaa kwenye karatasi linasema habari za uzito wa shira, basi.

Mtambo wenyewe unauliza swali jingine: kaboni hii ilitoka kwenye mmea gani? Kaboni ina atomu nyepesi na atomu nzito kidogo. Miwa na mahindi huchukua nzito kwa wingi zaidi kuliko miti na vichaka vingi ambavyo nyuki hutafuta maua yake. Kwa hiyo sukari ya muwa ikimwagwa kwenye asali, uwiano unasogea, na spektrometa maalumu ya uwiano wa isotopu inauona. Wakemia wa Marekani walianza kuwakamata wachakachuaji kwa njia hii miaka ya 1970. Wezi nao wana akili: sukari ya mmea wa bitiruti wa Ulaya na shira ya mchele hazina alama hiyo, hivyo maabara ikalazimika kuongeza vipimo vingine. Lakini kwa anayechanganya asali na sukari ya dukani Tarime, ambayo ni ya muwa, alama ipo.

Mtama na ulezi navyo viko kundi moja na mahindi. Maana yake nywele za mtu aliyekulia ugali zina kaboni nzito kuliko za mla ngano na viazi. Ukipeleka unywele wako kwenye mtambo huo, utataja chakula chako bila kukuuliza.

"Anayetembea kutwa hapati kisukari, chakula chote kimeungua."

Nusu kweli. Kinga ipo, ila maelezo yake yamekosewa.

Kusini mwa Serengeti, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadza, ambao wengi wao hadi hivi karibuni waliishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Herman Pontzer na wenzake waliwapa watu wazima 30 maji yaliyochanganywa na haidrojeni nzito na oksijeni nzito, ambayo hayana madhara, kisha wakakusanya mkojo wao kwa siku kadhaa. Haidrojeni nzito hutoka mwilini na maji tu. Oksijeni nzito hutoka na maji na pia na hewa tunayoitoa puani. Tofauti ya kasi ya kutoka ya hizo mbili, ikipimwa kwa spektrometa ya masi, inaonyesha hewa chafu iliyotolewa, na kutokana nayo nishati aliyoitumia mtu akiwa porini anaendelea na shughuli zake, bila barakoa wala chumba cha maabara.

Matokeo yalitoka mwaka 2012 yakawaduwaza wengi. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, Wahadza wanaotembea kutwa walitumia nishati kwa siku sawa na wakazi wa Marekani na Ulaya, walioketi ofisini wakiwemo. Yaani mwili ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana matumizi kwingine.

Mbona basi unene ni nadra kwao? Chakula chao kina nafasi kubwa. Na kutembea kunalinda kwa njia nyingine: msuli unaofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata bila insulini kuusukuma. Kwa hiyo anayetoka shamba la mlimani Nyanungu na mzigo kichwani anajikinga kweli. Asijidanganye tu kwamba jembe la asubuhi limefuta soda mbili na nusu kilo ya nyama choma ya jioni.

"Chakula cha wazee ni dawa."

Kweli, kwa kiasi ambacho hata mimi sikukitegemea, mradi neno "dawa" lisichukuliwe kama la duka la dawa.

Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakiwemo Godfrey Temba na Quirijn de Mast, walichukua damu ya watu 323 wenye afya njema mkoani Kilimanjaro, wa mjini na wa vijijini. Mwaka 2021 walieleza kwamba kinga ya watu wa mjini ilikuwa tayari imechemka zaidi, kana kwamba inatafuta ugomvi. Na kuchemka huko, ambako wataalamu hukuita uvimbe wa chini kwa chini, kunatajwa katika kisukari, maradhi ya moyo na shinikizo la damu. Walipozipima molekuli za damu kwa spektrometa ya masi, watu wa vijijini walikuwa na zaidi zile zitokanazo na mimea, kama apijenini ya mboga na nafaka. Alama ya mboga haikuishia tumboni. Ilikuwa kwenye damu.

Mtu anaweza kusema: labda watu wa vijijini wanatofautiana kwa mengine mengi. Sawa kabisa. Ndiyo maana walirudi na jaribio la wanaume 77, lililochapishwa mwaka 2025. Wengine walitolewa kwenye vyakula vya asili, vyenye mboga za majani, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa, wakapewa kwa wiki mbili vyakula vya kisasa vya kukaangwa na kukobolewa. Wengine walipelekwa njia hiyo kinyumenyume. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi uliochachushwa, kwa wiki moja. Waliohamia vya kisasa, dalili za uvimbe zilipanda. Waliohamia vya asili au mbege, zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye.

Haraka haraka naona mtu anaagiza pombe kwa jina la sayansi. Tulia. Walikuwa vijana wa kiume wenye afya, muda ulikuwa mfupi, na hakuna aliyeponywa kisukari. Mgonjwa anayetumia vidonge vya kushusha sukari kisha akanywa pombe bila kula anaweza kuanguka sukari ikiwa imeshuka mno. Lakini anayeuona mgagani, mlenda, kunde na ugali wa ulezi kuwa ni dalili ya umaskini, akatamani chipsi kila siku ili aonekane amefika, amebeba deni lisilo lake. Kipimo cha ugali nacho kiangaliwe, uwe wa mtama, wa muhogo au wa dona.

"Kipimo cha sukari ya miezi mitatu hakidanganyi."

Kweli kwa wengi. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, uliza swali moja kwanza.

Kipimo hiki, HbA1c, kinategemea jambo rahisi. Glukosi iliyomo kwenye damu hujibandika yenyewe kwenye himoglobini, na chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Ukihesabu ni himoglobini ngapi zimebandikwa, unapata wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Ndiyo maana mgonjwa aliyefunga mdomo siku mbili kabla ya kliniki anaumbuka: kidole kinasema 6, HbA1c inasema alichokula Krismasi.

Njia ya rejea iliyokubaliwa kimataifa mwaka 2002 ni kazi ya spektrometa ya masi, na ni nzuri kuitazama kwa karibu. Kimeng'enya hukata ncha ya mnyororo mmoja wa himoglobini baada ya asidi amino ya sita. Kipande hicho kidogo kina uzito wa 694. Kilichobandikwa glukosi kina 856. Tofauti ni 162, kwa kuwa glukosi ya 180 inapojishika huachia molekuli moja ya maji, 18. Mizani inahesabu vipande vya 694 na vya 856, basi. Maabara chache duniani hufanya hivyo, na mashine za hospitali hurekebishwa kufuata hesabu yao. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari.

Sasa angalia ile asidi amino ya sita. Ndiyo hiyohiyo iliyobadilika kwa mwenye chembe za selimundu. Penye glutamati pamekaa valini, na kimeng'enya hakipati mahali pake pa kukata. Mwenye kurithi selimundu kwa mzazi mmoja, ambaye ana afya yake na mara nyingi hajui, ana himoglobini za aina mbili. Mashine nyingi za leo huzitenganisha vizuri, baadhi ya njia huchanganyikiwa. Na wako wengi: watafiti walipopima sampuli 17,200 za watoto wachanga kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mkoa wa Mara ukiwemo, wakachapisha mwaka 2020, walikuta mmoja kati ya watano amerithi kwa mzazi mmoja, na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 ulionyesha Wamarekani weusi wenye urithi huo wa selimundu wa mzazi mmoja wakisomeka chini kwa takriban 0.3 kwenye HbA1c kuliko wenzao wenye sukari sawa nao. Si selimundu peke yake: mwaka huohuo ikaonekana kwamba badiliko moja la kinasaba cha G6PD, lililoenea kwa watu wenye asili ya Afrika, nalo linakishusha kipimo. Kila kinachofupisha maisha ya chembe nyekundu, kama ugonjwa wa selimundu au malaria inayorudiarudia, kinaipunguzia glukosi muda wa kujibandika. Upungufu wa madini ya chuma, ambao ni mwingi kwa akina mama, husukuma upande wa pili, namba ikapanda.

Kwa hiyo ukipewa jibu lisiloendana na hali yako, usikitupe kipimo wala usigombane na muuguzi. Mwambie kama kwenu kuna selimundu au umewahi kuongezewa damu hivi karibuni, na uombe sukari ya asubuhi kabla ya kula iwekwe pembeni ya HbA1c.

"Dawa ya mizizi haina kemikali."

Uongo. Na heshima kwa mizizi haipungui kwa kulisema hilo.

Metformini, kidonge anachoanza nacho mgonjwa karibu kila kliniki, ilitokana na mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumiwa na wenyeji kwa karne nyingi. Wakemia waliichambua kemikali yake, wakaunda iliyo salama zaidi, na Jean Sterne wa Paris akaieleza kwa wagonjwa mwaka 1957. Mmea una kemikali, ndiyo maana unafanya kazi. Ndiyo maana pia unaweza kuua.

Tatizo la chupa ya mnadani ni kwamba hujui kilichomo. Mwaka 2008 huko Singapore watu wapatao 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitali sukari ikiwa imeshuka vibaya, wanne wakafa. Maabara zikakuta glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, kwenye damu ya wengi na ndani ya dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za miti shamba. Mizani ya molekuli haisomi lebo. Dawa ya asili inayokushushia sukari ndani ya saa moja, nami ningeitilia shaka hiyohiyo.

Na Loliondo? Mwaka 2011 magari kutoka Mara yalipita Mugumu na kukatiza Serengeti kwenda Samunge kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe cha dawa shilingi 500, ya mti wa mugariga. Wengi walitoka pale wakijisikia nafuu, na sina sababu ya kuwaita waongo. Lakini ile asilimia 9.1 niliyoitaja ni ya mwaka uliofuata.

"Ganzi ya miguu na kidonda kisichopona: huyo amekanyaga dawa." Uongo. Sukari ya juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, mtu akachomwa na mwiba au kuungua na jiwe la jiko asisikie. Kila siku inayopotea kwa kumtafuta aliyetega inakisogeza kidonda kwenye mfupa.

"Anahema kama aliyelewa, ananukia pombe: muacheni alale." Uongo, na huu ndio unaoua usiku mmoja. Mwili uliokosa insulini huchoma mafuta na kutoa asetoni, molekuli ya 58, ambayo mtambo unaipima kwenye pumzi na pua yako inaweza kuidhania tunda lililoiva mno au gongo. Kijana ambaye hajanywa, anatapika, anahema kwa nguvu na amelegea: bodaboda, gari la jirani, chochote, hospitali usiku huohuo.

"Wazungu wana mashine inayokiona kisukari miaka kumi kabla."

Kweli, ila usiuze ng'ombe kwa ajili yake.

Mwaka 2011 Thomas Wang, Robert Gerszten na wenzao walifungua damu iliyohifadhiwa ya wakazi wa Framingham, Marekani. Watu 2,422 walikuwa na sukari ya kawaida damu hiyo ilipochukuliwa, na 201 kati yao wakaugua ndani ya miaka 12. Spektrometa ya masi ikaonyesha asidi amino tano, isoleusini, leusini, valini, tairosini na fenilalanini, zilizokuwa juu tangu mwanzo kwa wengi walioishia kuugua. Ugunduzi huo umerudiwa kwingine na umefundisha mengi kuhusu ini na misuli. Ila wakazi wale walikuwa wengi wao wazungu, na kliniki zetu hazitumii kipimo hicho kuamua lolote. Utepe wa fundi cherehani kiunoni, kipimo cha presha, na kujua kama mama au baba alikuwa na sukari vinatosha kumwambia daktari nani apimwe mapema.

"Kuna mashine ya kupima mwili mzima, unashika kijiti mkononi tu."

Uongo mtupu. Umeiona: kompyuta ndogo, waya, kijiti cha chuma, na baada ya dakika mbili karatasi inatoka ikitaja kongosho, figo na nguvu za kiume, halafu kwa bahati njema dawa zote ziko kwenye sanduku lilelile. Spektrometa yenye thamani ya nyumba kadhaa haiwezi kupima kitu bila tone la damu, mkojo au pumzi. Hata kile kimashine cha kidoleni kinadai damu. Siku ukikutana na mwenye kijiti pale mnadani, muulize sampuli yako iko wapi, na pesa ibaki mfukoni mpaka ajibu.